Huyo Kapteni Ana Jina

Kaskazi imeingia wasee, na simu zetu zimeanza kujaa picha zile zile. Boti nyeupe nje ya miamba ya Diani, mtu katoka Nairobi au Ulaya, miwani ya jua, amekumbatia sulisuli refu kumliko yeye. Chini ameandika: "Nimevua!" Pembeni, umekatwa nusu na picha, kuna mkono umeshika mdomo wa samaki asiponyoke. Huo mkono una mwenyewe. Ni mtu wa Mkwiro, au Gazi, au Bodo. Hakuna aliyemtaja.

Leo naongea kuhusu huo mkono. Najua kuna wale watakuja kwenye kamenti kuniambia "wewe si uliacha chuo, rudi ukasome kwanza." Niliacha mwaka wa pili, ndio. Sasa hilo na nduaro vinahusiana wapi?

Hebu tuulizane swali la kitoto kabisa: nani amevua?

Anza na bahari yenyewe. Ukitoka Shimoni ukapita Wasini na Kisite, chini kunaporomoka ghafla. Huo ndio mkondo wa Pemba, kilindi cha mamia ya mita kilicho karibu sana na nchi kavu. Ndio maana watu wanavuka mabara kuja kuvua hapa. Samaki wakubwa, nduaro, sulisuli, jodari, hawajui kama Kwale ni kaunti ya mbali. Wao wanafuata maji na wanafuata chakula. Lakini bahari haina vibao vya barabarani. Mgeni akipewa boti hiyohiyo na rodi hizohizo, aende peke yake, atarudi jioni na jua la mgongoni na hadithi ya mawimbi.

Anayejua pa kwenda ni kapteni. Ami yangu amefanya kazi kwenye hizo boti miaka mingi, na alianza kwa mtumbwi akiwa mdogo. Nimekaa naye. Anaangalia ndege wanapigia maji upande gani. Anaangalia rangi ya maji pale mkondo unapokutana na mkondo. Anajua bamvua na maji mafu bila kufungua simu. Anajua miamba kwa majina ambayo hayako kwenye ramani yoyote, na anaipata kwa kulinganisha kilima cha Jombo na alama nyingine ya pwani. Kurambaza, yaani kukokota mshipi nyuma ya chombo kinachotembea, si kitu kililetwa na boti za injini mbili. Wazee wetu walirambaza kwa tanga. Kilichoongezwa ni injini, rodi na kiti cha kukalia.

Kwa hivyo kapteni amechagua siku, amechagua njia, amechagua chambo, amepunguza mwendo kwa sekunde sahihi, na msaidizi wake amemshika samaki ubavuni mwa boti. Mgeni amezungusha mkono wa rili. Kazi ngumu, sikatai, nduaro anaweza kukutoa jasho masaa. Lakini manze, "nimevua" peke yako?

Na hapo bado hatujafika kwenye jina. Mtu wa miaka 50, ana wajukuu, lakini akipanda boti anaitwa "kijana wa boti". Ukiwa nchi kavu unamwamkia "shikamoo mzee" na anaitika "marahaba". Ukivuka mwamba tu na kiti cha kukodi, ghafla ni kijana! Hii lugha imetoka mbali na sote tunajua imetoka wapi. Kinachoniuma ni kwamba sasa inatumiwa na sisi wenyewe, Wakenya wa umri wangu, waliokuja juzi kwa SGR na kupitia Dongo Kundu.

Twende kwa pesa. Safari ya siku moja inauzwa kwa mamia ya dola. Ami yangu, msimu aliokuwa anaendesha boti ya mtu fulani, alikuwa anarudi nyumbani na shilingi 1,500 kwa siku, na siku isiyo na mgeni hana kitu. Kuanzia Aprili kusi ikianza kupiga, boti nyingi hupandishwa juu kwa matengenezo na malipo yanasimama miezi. Mgeni anaondoka anaamini bei aliyolipa imemfikia kapteni. Bakshishi nayo inapitia mkono wa tatu, wa nne, ikifika chini imekonda.

Wenye boti wana jibu lao, na si jibu la kijinga. Mafuta ni ghali. Injini zinakula vipuri. Kuna leseni, kuna bima, kuna siku umeandaa kila kitu na upepo unakataa. Sawa. Lakini angalia orodha hiyo vizuri: kila kitu kina bei yake isiyopunguzwa, isipokuwa mtu. Hakuna anayemwambia fundi wa injini "tutakupa kidogo kwa sababu unapenda bahari." Kapteni ndiye anaambiwa hivyo. Na matangazo yao yanauza nini? "Manahodha wenye uzoefu wa miaka mingi." Yaani uzoefu unauzwa kwa dola na kununuliwa kwa bei ya kibarua.

Halafu kuna hili la mazingira, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu linanikera zaidi.

Siku hizi boti nyingi zinapiga sulisuli alama na kumwachia. Kuna African Billfish Foundation kule Watamu inayokusanya taarifa za alama hizo. Ni kazi nzuri, naipenda, iendelee. Lakini naona watu wanamaliza safari ya namna hiyo halafu wanageuza kamera upande wa mvuvi wa mtumbwi: "hawa ndio wanamaliza samaki." Eti kwa sababu amebeba tafi na pono wadogo kwenye ndoo.

Nyavu za kukokota na bunduki za kuchomea samaki ni haramu, na anayezitumia anatuharibia sote. Sitamtetea. Lakini mwenye mtumbwi wa mshipi na dema havuki mwamba wakati wa kusi. Hana chombo cha kumvusha. Anabaki ndani, kwenye maji yaleyale, miezi mfululizo, pamoja na kila mwenzake. Na matumbawe ya ndani hayakuuawa na yeye peke yake: mwaka 1998 maji yalipata joto la El Niño na matumbawe mengi ya Kenya yakafa. Mpunguti ni hifadhi inayoruhusu uvuvi wa kienyeji. Kisite, kilomita za mraba 28, imefungwa kabisa kwa uvuvi. Nani aliachia hizo kilomita? Si mwenye boti nyeupe. Ni watu wa Wasini, Mkwiro na Shimoni, ambao babu zao walivua hapo. Mgeni analipa kiingilio kuogelea na samaki ambao mtu mwingine aliacha kuwala. Kumwita mwenyeji mharibifu baada ya hapo ni kukosa haya.

Sasa vijana wenzangu wa Ukunda, Msambweni, Vanga. Tumefundishwa kwamba ukifeli shule utakuwa mvuvi. Nimeambiwa hivyo mimi, mbele ya ami yangu, na akanyamaza. Lakini kapteni wa chombo anahitaji cheti kinachotambuliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na Mombasa kuna Bandari Maritime Academy. Hii ni taaluma. Kwale imejijengea jina kwa basari za Elimu ni Sasa, na nimeona zimewasomesha majirani zangu. Nataka kuona kaunti ikimlipia kijana wa Majoreni cheti cha kuendesha boti kwa fahari ileile inayomlipia ada ya chuo kikuu. Bandari ya uvuvi Shimoni bila manahodha wa Shimoni itakuwa saruji tu, na sisi tutakuwa tunabeba barafu.

Na nyinyi wenye wafuasi elfu hamsini mnaopewa safari za bure ili mposti: mnauza kazi ya mtu. Uliza kapteni anaitwa nani. Uliza kama anataka kutajwa, wengine hawataki, heshimu. Bakshishi mpe mkononi, usimwachie mtu. Na kama una picha ya msimu huu uliyoiposti tayari na ule mkono umekatwa nusu, unajua pa kubonyeza. Rudi uihariri leo.