Mfumo wa forodha haujengwi kama daraja

Mfanyabiashara akifika mpakani na kuambiwa "mfumo umegoma", hasara huanza kuhesabika palepale. Nyanya zinaiva ndani ya lori, dereva anadai posho ya siku ya ziada, na mteja wa upande wa pili anamgeukia muuzaji mwingine. Lawama humwangukia ofisa aliye dirishani. Mimi naona tuulize swali la mapema zaidi: mfumo huo uliagizwa ujengwe kwa utaratibu gani?

Programu za kompyuta hujengwa kwa njia kadhaa. Ile kongwe wataalamu huiita maporomoko: mahitaji yote huandikwa kwanza, kisha michoro, kisha programu, kisha majaribio, na mtumiaji huonyeshwa kazi ikiwa imekwisha. Maji yakishashuka hayapandi tena. Mmarekani Winston Royce, ambaye makala yake ya mwaka 1970 hutajwa kuwa chanzo cha mtindo huo, alionya humo humo kwamba kuufuata bila kurudi nyuma ni hatari. Wengi walichukua mchoro wakaliacha onyo. Njia ya pili, iliyopata jina la ajaili mwaka 2001, huikata kazi vipande vya wiki chache. Kila kipande humfikia mtumiaji, akalalamika, kikarekebishwa.

Serikali zetu huipenda ya kwanza, na si kwa ujinga. Taratibu za zabuni zinataka kinachonunuliwa na bei yake vijulikane kabla mkataba haujasainiwa. Kwa daraja ni sawa, maana lori haliwezi kuvuka nusu ya daraja. Nusu ya programu, ikikatwa vizuri, inavusha watu.

Tazama jumuiya yetu yenyewe. Aliyeandika mahitaji ya mfumo mwaka 2015 aliandika nchi 5. Sudan Kusini ikaingia 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Leo tuko 8. Ushuru wa pamoja ulikuwa na viwango vikuu 3, yaani asilimia 0, 10 na 25. Julai 2022 kikaongezwa cha asilimia 35. Tena kila Julai mosi mwaka mpya wa fedha huja na mabadiliko yake ya ushuru. Mradi wa miaka 3 hukutana na bajeti 3 kabla haujawashwa.

Wala fedha nyingi si dawa. Tovuti ya bima ya afya ya Marekani, healthcare.gov, ilifunguliwa Oktoba 1, 2013 kwa siku moja kwa majimbo mengi. Kumbukumbu za ndani zilizotolewa baadaye zilionyesha kwamba siku hiyo watu 6 tu ndio waliofanikiwa kujiandikisha.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka ajaili kwa kila kitu. Hesabu ya ushuru si ya kujaribia kwa mzigo wa mtu. Viwango, risiti na mawasiliano kati ya mamlaka za nchi mbili viandikwe kikamilifu, pande zote zitie saini, vipimwe mpaka mwisho ndipo viwashwe. Hapo maporomoko yana kazi yake.

Lakini sehemu anayoigusa mama wa Busia mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, anayeomba cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa, ianze ndogo. Ianze mpaka mmoja, wafanyabiashara ishirini, kwa Kiswahili, kwenye simu ya kawaida, siku ya gulio. Wakikwama kwenye swali la tatu, swali hilo libadilishwe wiki hiyo hiyo, ndipo watu wa Namanga na Mutukula wapewe. Semina ya hotelini yenye chai na picha za ukutani si majaribio.

Njia hii ina gharama. Anayejaribu mfumo anaacha meza yake sokoni, kwa hiyo nauli na muda wake viwemo kwenye bajeti ya mradi. Naye ofisa mwenye madaraka ya kukubali mabadiliko awepo palepale. Akilazimika kuandika barua makao makuu kwa kila kitufe, tumerudi kwenye maporomoko kwa jina jipya.

Vyama vya wafanyabiashara vikiitwa kutoa maoni kuhusu mfumo mpya, viulize kabla kalamu haijagusa mkataba: kipande cha kwanza kitawashwa mpaka gani, lini, na malipo ya mkandarasi yanategemea nini kikikataa kufanya kazi?