Supu ya Paris wanaisifu, meza ya mama malewa wanaivunja

LUBUMBASHI. Mtu wa hapa akipata viza na kufika Paris, siku ya pili anatuma picha kwa WhatsApp: bakuli kubwa la supu ya tambi, nyama iliyokatwa nyembamba, majani mabichi juu. Ni phở, chakula cha Vietnamu. Mkahawa ni mdogo, viti vimebanana, mteja anakula bega kwa bega na mtu asiyemjua. Bei ni yuro 10 au 12, na kule hiyo ni bei ya mtu wa kawaida. Chini ya picha ameandika kwamba hapo ndipo watu wanakula vizuri. Mtu huyo huyo akirudi Lubumbashi na kupita mbele ya malewa katika komini ya Kenya, anapandisha kioo cha gari.

Hakuuliza ile supu ilipikwa na nani. Saigon ilipoanguka Aprili 1975, watu wa Vietnamu, Laos na Kambodia walikimbia kwa maelfu, wengine kwa mashua mbovu baharini. Ufaransa ilipokea zaidi ya 100,000 kati yao, na wengi walipanga katika mtaa wa 13 wa Paris, kwenye maghorofa ambayo Wafaransa wenyewe hawakuyataka. Wengi wao hawakuwa na lugha wala diploma inayokubaliwa. Walikuwa na sufuria. Kwa maneno yetu, wale walikuwa wahami.

Sasa rudi hapa kwetu. Mwaka 2013, vita vya Mitwaba, Manono na Pweto, eneo lililoitwa pembetatu ya kifo, vilikuwa vimeng'oa watu zaidi ya 300,000 katika Katanga. Mama anayetoka huko na watoto wanne, shamba limebaki nyuma, atafanya nini mjini? Anatafuta mbabula, gunia la makala kwa mkopo, unga, sombe, maharagi, makayabo kidogo. Anapika chini ya shiti. Hiyo ndiyo malewa. Hakuna mradi uliomwandikisha na hakuna semina aliyohudhuria.

Tena si wahami peke yao. Wazee wa mji wanakumbuka mposho: Union Minière, na Gécamines baada yake, zilikuwa zinampa mfanyakazi chakula chake na cha nyumba yake. Halafu kampuni ikaporomoka, mishahara ikakatika miezi na miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa ule mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari" (hiari gani, waulize wenyewe). Nyumba ngapi zilisimama kwa sababu mke alitoka kwenda kuuza bukari kando ya barabara? Mji huu ulilishwa na akina mama hao wakati mposho ulipokwisha, na mpaka leo wanaulisha: dereva wa taksi-basi, mwanafunzi wa chuo, mwalimu anayengoja mshahara. Zambia ikifunga mpaka kwa mahindi, au ukame ukipiga kule kama ulivyopiga 2024, bei ya unga inapanda kwetu kesho yake. Mama malewa hapandishi bei haraka, kwa sababu anajua mfuko wa mteja wake. Anapunguza donge, na faida yake yeye inapungua zaidi ya donge.

Lakini mgeni mkubwa akikaribia kufika, mji unakumbuka usafi. Meza zinavunjwa, sufuria zinapakiwa kwenye gari. Na ni meza zile zile zilizolipia tikiti asubuhi! Kama biashara ni haramu, tikiti ni ya nini? Kama ni halali, nyundo ni ya nini?

Watajibu: kipindupindu. Jibu hilo si la kudharau. Mwanzoni mwa 2008 ugonjwa huo ulishika Lubumbashi na Likasi, na watu walikufa. Malewa nyingine ni chafu kweli, sahani kumi zinaoshwa katika ndoo moja mpaka maji yanakuwa supu. Ila angalieni hatari iko wapi. Bukari inapikwa kwa maji yanayochemka, na kidudu cha kipindupindu hakiponi humo. Hatari iko katika ndoo ya kuoshea sahani na maji ya kunawa mikono, na hayo mama hakuyatengeneza. Anayanunua kwa bidoni kwa sababu bomba limekauka. Ukivunja meza yake, kesho atapika kwenye mtaa wa ndani zaidi, karibu na mfereji, na maji machache kuliko jana.

Basi pesa ya tikiti irudi pale inapotolewa. Bomba moja kwa kila safu ya meza, sakafu ya simenti, bati la kivuli, pipa la takataka linalomwagwa. Mkaguzi wa afya aje na klorini na karatasi ya onyo kabla ya kuja na polisi. Mama anayekataa kuosha baada ya hapo, afungiwe, hakuna atakayemlilia.

Na yule polisi anayetumwa na nyundo asikose kupita kwanza kwa mama huyo kulipa deni lake. Sahani ya juzi, bukari na sombe, bado imeandikwa kwenye daftari.