Sumu Mnayoifukuza Ndiyo Inayojenga Misuli

Jumapili iliyopita usharikani kwetu, baada ya matangazo na kabla ya mnada wa mazao, mgeni mmoja mwenye suti alipewa dakika kumi. Akainua kopo jeupe kama nahodha aliyekabidhiwa kombe, akatangaza: "Wapendwa, ukikimbia mwili unazalisha sumu. Sumu hiyo inakula misuli. Antioksidanti hizi zinaifukuza." Ibada ilipoisha, vijana wa kwaya wakapanga foleni. Kopo moja shilingi 45,000. Papai kubwa la Tengeru likanadiwa palepale kwa elfu mbili, na watu wakasuasua.

Nilikereka, na hadi leo nimekereka, kwa sababu mmoja wa walionunua ni mpwa wangu. Kila alfajiri anakimbia kutoka Sakina hadi Ngaramtoni, Mlima Meru ukiwa mkono wake wa kulia, akikwepa vifodi na bodaboda kwa kuwa mkimbiaji katika mji huu wa Arusha hana njia yake. Akirudi, hata jasho halijakauka, anadumbukiza kidonge kwenye kikombe cha plastiki. Kinafoka povu la rangi ya machungwa, anakunywa lote kwa mkupuo. "Mjomba, naosha misuli," ananiambia.

Mwanangu, unafuta mazoezi yako mwenyewe.

Ndani ya seli za msuli mna mitokondria, vinu vidogo vinavyotumia oksijeni kugeuza chakula kuwa nguvu. Ukikimbia, msuli huzalisha kwa wingi radikali huru za oksijeni, pamoja na haidrojeni peroksaidi. Zikizidi na kudumu, zinadhuru. Hilo halina ubishi. Lakini zile za mazoezi huja kwa muda na kwa kipimo, na zimebeba ujumbe. La mgambo likilia, kuna jambo, na hili ndilo la mgambo la msuli. Likilia, protini iitwayo PGC-1 alfa inaamka, jeni za kujenga mitokondria mpya zinaanza kazi, na msuli unaongeza walinzi wake wenyewe, vimeng'enya kama katalesi na supaoksaidi dismutesi. Hivyo ndivyo pumzi inavyojengwa. Wewe unameza kidonge cha kuziba baragumu, kisha unashangaa kijiji hakikukusanyika!

Haya si maneno ya kijiweni. Mwaka 2008 watafiti wa Valencia, Hispania, walionyesha kwamba vitamini C, ambayo nayo ni antioksidanti, kwa dozi kubwa ilizuia ongezeko la mitokondria katika misuli ya panya waliofunzwa kukimbia, na panya hao wakachoka mapema kuliko wenzao. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake Ujerumani waliwafanyisha vijana wa kiume mazoezi kwa wiki nne. Wasiomeza vidonge, insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi. Waliomeza vitamini E na miligramu 1,000 za vitamini C kila siku, faida hiyo hawakuipata. Mwaka 2014 Goran Paulsen na wenzake Oslo, Norwei, walifuatilia watu 54 kwa wiki 11: dalili za kuongezeka kwa mitokondria zilipanda kwa wasiomeza, kwa waliomeza hazikupanda. La mgambo lilizibwa, tena na tena.

Watetezi wa kopo wananiambia nitazame mkojo: ukiwa wa njano kali, eti sumu inatoka. Jamani! Ile njano ni riboflavini, vitamini B2, iliyomo kwenye kidonge hichohicho. Figo zinaimwaga kwa kuwa imezidi. Mnachokitazama chooni kwa furaha ni shilingi zenu.

Mkoa wetu ulipaswa kuwa umejifunza. Mwaka 2011 nchi nzima ilimiminika Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Wagonjwa walilala barabarani, wengine wakiwa wametolewa hospitalini. Kikombe kimoja cha dawa yake kiliuzwa shilingi 500. Hawa wa makopo wanachukua mara tisini ya hiyo, na safari hii wanawawinda wazima.

Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Alphonce Simbu, aliyefanya Arusha kuwa uwanja wake wa mazoezi, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 2025, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Pumzi ya namna hiyo hujengwa kwa miaka ya kuuchosha msuli na kuuacha ujijenge. Hakuna kopo linaloweza kukukimbilia.

Anayetaka vitamini ale lile papai. Ale mnavu, ale parachichi la Meru. Humo vitamini zimo kwa kiasi ambacho mwili umezoea, si gramu nzima kwa mkupuo mmoja.

Wazee wa usharika, nawaombeni kwa heshima zote. Vijana wetu wanaamini kila kinachosemwa mbele ya madhabahu. Jumapili ijayo dakika kumi hizo mpeni mwalimu wa baiolojia wa sekondari yetu ya kata. Yeye hana cha kuuza.