Alama ndogo si mwisho: tutafute kwanza tundu la wavu

Kijana wa Kasenga aliyemaliza lisanse Lubumbashi, akitaka kuendelea katika shule kubwa ya biashara ng'ambo, mara nyingi hukuta mtihani mlangoni. Akipata alama ndogo, mtaani wanasema hana kichwa. Yeye kwa haya anakimbilia kulipa tena. Sisi tunaona hukumu hiyo si ya haki, na haraka hiyo ni hasara.

Tuanze na GMAT. Tangu mwaka 2024 unafanyika kwa muundo mpya tu: sehemu tatu za dakika 45 kila moja, yaani hesabu, lugha, na usomaji wa takwimu, jumla ya maswali 64. Alama huanzia 205 hadi 805, na sehemu zote tatu zina uzito sawa. Lakini mtihani wote ni kwa Kiingereza. Ng'ambo ya Luapula, Zambia, watoto wanasoma kwa lugha hiyo. Upande wetu tunasoma kwa Kifaransa. Basi anayeshindwa kumaliza maswali huenda anajua hesabu vizuri, ila dakika zake zimeliwa na kusoma swali mara mbili.

Mvuvi wavu wake ukirudi mtupu, hauchomi moto. Anautandaza kwenye mchanga, anatafuta tundu. Mwanafunzi naye aandike katika daftari kila kosa alilofanya katika mazoezi na sababu yake: hakujua kanuni, hakuelewa neno, au muda uliisha? Kila sababu ina dawa yake. Kanuni hujifunzwa upya. Lugha inataka kusoma kila siku kwa miezi. Muda unataka mazoezi mbele ya saa, kwa sababu swali moja la hesabu lina dakika mbili na kidogo tu, na kuacha maswali bila jibu kunapunguza alama.

Sheria inaruhusu kurudia GMAT baada ya siku 16, hadi mara tano katika miezi 12. Ruhusa hiyo isigeuke mtego. Ada yake inapita dola 200. Kwa mama anayeuza samaki ili alipie masomo, hiyo ni mizigo mingi. Asiyejua bado alipoangukia, asilipe mara ya pili.

Tena kuna njia nyingine. Shule nyingi za biashara za Ufaransa hupokea TAGE MAGE, unaofanywa kwa Kifaransa: sehemu sita za dakika 20, maswali 15 kila moja, alama juu ya 600. Humo jibu sahihi lina alama 4, jibu baya linaondoa 1, na kuacha ni sifuri. Kwa hiyo kubahatisha ovyo hakusaidii.

Wanaojidai kuuza maswali ya GMAT, wakimbieni. Kompyuta huchagua swali kufuatana na majibu ya mtu, na anayekamatwa akidanganya hufutiwa alama.

Mwisho, tunawaomba wakubwa wa vyuo vya Lubumbashi wafungue jioni vyumba vyenye umeme na intaneti kwa vijana hawa, na walimu wa Kiingereza wawape saa chache kwa juma. Wazazi, msimwite mtoto mjinga kwa sababu ya namba moja. Mwulizeni: tundu liko wapi?