KDS Husomwa Kwanza, Hukokotolewa Baadaye

Hisabati mnafundishwa kwa Kiingereza, nami ni mwalimu wa Kiswahili tu. Hata hivyo nadai kwamba mafumbo ya hesabu yanayohitaji Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS, ni kazi ya somo la lugha kabla ya kuwa kazi ya somo la namba. Anayeyakosa, mara nyingi hakushindwa kuzidisha. Alishindwa kusoma.

Tuitazame kwanza istilahi yenyewe. Kitenzi kugawa kimezaa maneno mawili yanayotofautiana kwa irabu moja: kigawo ni namba inayogawa, kigawe ni namba inayogawika. Vigawo vya 6 ni 1, 2, 3 na 6. Vigawe vyake ni 6, 12, 18, na kuendelea bila kikomo. Neno shirika nalo, hapa, halina maana ya kampuni wala asasi. Ni ile hali ya kushirikiana, ya kitu kuwa cha wote. Basi KDS ya 4 na 6 ni 12, kwa kuwa ndiyo namba ndogo kuliko zote ambayo 4 na 6 huigawa bila baki.

Sasa tuseme mama muuzaji wa Kamembe hupokea unga kila siku ya 6 na mafuta ya kupikia kila siku ya 8. Leo amepokea vyote viwili. Je, vitafika tena pamoja baada ya siku ngapi? Wengi watazidisha 6 kwa 8 na kupata 48. Ni kweli kwamba siku ya 48 vitafika pamoja, lakini vitakuwa vimekwisha kukutana siku ya 24. Tena, lau fumbo lingesema "kila baada ya siku 6", tungekuwa na haki ya kuuliza: je, ni siku ya 6 yenyewe, au siku 6 zipite kamili ndipo mzigo ufike siku ya 7? Jibu lingebadilika kabisa. Huo si ubishi wa bure.

Lakini sentensi nzito kuliko zote katika fumbo lile ni ile fupi ambayo wanafunzi huiruka kana kwamba ni pambo: "Leo amepokea vyote viwili." Uzito wake unaonekana vizuri katika kalenda ya uchaguzi wa nchi yetu.

Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 iliweka muhula wa rais kuwa miaka 7 na wa wabunge kuwa miaka 5. Mwaka huo huo wote walichaguliwa. KDS ya 7 na 5 ni 35. Kwa hiyo, kama mihula isingeguswa, chaguzi hizo mbili zingekutana tena mwaka 2038. Hesabuni wenyewe: rais 2010, 2017, 2024, 2031, 2038, wabunge 2008, 2013, 2018, 2023, 2028, 2033, 2038. (Maseneta wakati huo walikuwa na muhula wa miaka 8. Ukiwaongeza, KDS inakuwa 280, na miadi yetu inasogea hadi mwaka 2283!)

Mwaka 2015 Katiba ilirekebishwa, muhula wa rais ukapunguzwa kuwa miaka 5, ila baada ya muhula mmoja wa mpito wa miaka 7 ulioanza 2017. Hapa ndipo msomaji wa haraka hunaswa. Rais miaka 5, wabunge miaka 5, KDS ni 5. Basi atasema zitakutana kila miaka 5. La hasha! Wabunge wangechaguliwa 2023, 2028, 2033. Rais 2024, 2029, 2034. Zingefuatana hivyo milele zikipishana kwa mwaka mmoja, kwa sababu hazikuanzia mahali pamoja. KDS hupima umbali kati ya mkutano mmoja na mwingine. Haina uwezo wa kuuleta mkutano wa kwanza. Uliletwa na sheria: mwaka 2023 Katiba ilirekebishwa tena, muhula wa wabunge ukarefushwa, na Julai 2024 wapiga kura wakachagua rais na wabunge kwa pamoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza gharama na kuokoa muda. Raia anaweza kuikubali sababu hiyo au kuihoji, lakini naona hawezi kufanya lolote kati ya hayo mawili kama hajaelewa kwa nini kalenda hizo zisingekutana zenyewe.

Majirani zetu wanatupa mfano mwingine. Tanzania ilifanya uchaguzi mkuu 2020, Uganda 2021, Kenya 2022, Kongo 2023, nasi 2024. Mihula yote ni ya miaka 5, na hakuna hata nchi mbili kati ya hizo zinazokutana.

Zoezi la wiki hii linatoka kusini mwa wilaya yetu, ng'ambo ya Bugarama. Mnamo Mei 2020 Warundi walichagua rais na wabunge siku moja. Muhula wa rais wao ni miaka 7, wa wabunge ni miaka 5, na wabunge wamekwisha kuchaguliwa tena mwaka 2025. Iwapo mihula hiyo haitabadilishwa, chaguzi hizo mbili zitakutana tena mwaka gani? Jibuni kwa sentensi kamili, na katika sentensi hiyo mtaje zilianzia wapi.