Gemu na Kamari Tusizitie Kapu Moja

Kila Desemba dunia ya michezo ya video, ambayo vijana wetu huiita gemu tu, hutangaza gemu bora ya mwaka. Mwaka 2023 ilishinda Baldur's Gate 3, mwaka 2024 Astro Bot, na mwaka 2025 Clair Obscur: Expedition 33, iliyotengenezwa na studio ndogo ya Ufaransa. Watajie vijana wa hapa Busi majina hayo, watakuangalia tu. Gemu hizo zinataka mashine mpya yenye bei ya ng'ombe. Huku kwetu kinachochezwa ni mpira kwenye PlayStation 2, mashine iliyotoka Japani mwaka 2000, pamoja na gemu za bure za kwenye simu.

Tunaanza na jambo hilo kwa sababu wapo wazazi, na hata walezi wetu wengine, wanaosoma habari za gemu kutoka mbali na kuogopa vitu ambavyo havijafika hapa, huku vilivyofika havitazamwi. Orodha za mauzo huhesabu nakala zilizonunuliwa: GTA V, iliyotoka Septemba 2013, imeuza zaidi ya nakala milioni 200, na Minecraft imevuka milioni 300. Maoni ya wachezaji kwenye duka la mtandaoni la Steam huandikwa na wenye gemu hiyo kwenye akaunti zao. Kibandani mambo ni mengine. Diski moja, mara nyingi ya kunakili, inachezwa na watoto wa kijiji kizima na hakuna hata mmoja wao anayehesabiwa popote. Mzazi anayetaka kujua mwanawe anacheza nini hatapata jibu kwenye orodha hizo. Aende kibandani.

Akifika atakuta mpira. Vijana wanauita FIFA, ingawa kampuni ya EA iliachana na jina hilo na tangu 2023 gemu yake inaitwa EA Sports FC. Ni kama tunavyoita kila siagi ya kopo Blue Band. Katika FIFA zote hadi ile ya mwisho, FIFA 23, hamkuwa na Simba wala Yanga, lakini Mbwana Samatta alikuwamo, na alipojiunga na Aston Villa Januari 2020 wapo vijana waliohamia Villa kwa muda. Atakuta pia foleni. Anayefungwa anaachia pedi na kumpisha mwingine, na anayelia anachekwa mpaka aache. Sisi hatuoni dhambi hapo. Wazee wetu hukaa kwenye bao na drafti tangu asubuhi hadi kivuli kihame, na hatujasikia tangazo la kanisani juu yao. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipenda bao.

Kinachotusumbua kipo hatua chache kutoka kwenye televisheni ya mpira. Ni mashine ya dubwi. Inameza sarafu na kuwasha taa, na mara moja moja inatapika sarafu kadhaa ili wengine waone. Kwa macho ya mtoto wa darasa la nne ni gemu kama zile nyingine: ina rangi, ina mlio, imo katika kibanda kilekile chini ya mtu yuleyule. Kwa sheria ni kitu kingine kabisa. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyounda pia Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kushiriki. Kwenye mpira wa gemu sarafu yako inanunua muda wa kucheza, na muda ukiisha unaondoka. Kwenye dubwi sarafu inanunua matumaini, na hayo hayaishi hadi mfuko uwe mtupu. Wakati alizeti zinauzwa na kila nyumba ina chenji, ndipo utasikia habari ya mtoto aliyetumwa mashineni na hela ya kusaga akaishia kwenye mashine nyingine. Usiku huo nyumba nzima inakosa ugali kwa sababu ya mtoto wa miaka kumi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, haisemi kwamba michezo ya bahati nasibu ni uovu kwa yenyewe. Inasema haikubaliki pale inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wale wanaomtegemea. Hela ya kusaga ni mfano unaotosha, hatuhitaji mwingine.

Ndiyo maana hatupendi mahubiri yanayosema "gemu" kwa jumla na kulaani zote. Kijana anayecheza mpira anajua hajamwibia mtu, kwa hiyo akisikia analaaniwa pamoja na mcheza dubwi, anaacha kusikiliza yote mawili. Halafu kaka yake mkubwa aliyejaza mkeka wa kubashiri mechi usiku kucha anakaa benchi la nyuma akijiona salama, maana yeye hachezi gemu!

Kweli, mpaka kati ya hivyo viwili hauko wazi kila mara, na watengenezaji wenyewe ndio wanaoufuta. Ndani ya gemu ile ya mpira kuna sehemu iitwayo Ultimate Team, ambako mtu anaweza kulipa fedha halisi kununua pakiti bila kujua atapata mchezaji gani. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilisema masanduku ya namna hiyo ni kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi za kununulia pakiti hizo nchini humo. Kwenye PlayStation 2 ya kibandani hatari hiyo haipo. Kwenye simu mpya ya mjomba aliyerudi kutoka Dodoma mjini, ipo. Simu yenye hela za mtandao na gemu ya bure, mikononi mwa mtoto, ni jambo la kuulizwa mapema.

Kuna pia alama za umri. Alama ya Ulaya, PEGI, inaipa gemu ya mpira 3 na GTA V 18. Diski ya kunakili haina kasha, na kwa hiyo haina alama. Mwenye kibanda anaiweka, watoto wa Utoto Mtakatifu wanakaa mbele yake wakitazama watu wakipigwa risasi na makahaba barabarani. Hapa hatuna upole wa kutoa.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilitambua ugonjwa wa kucheza gemu kupita kiasi katika orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini liliweka masharti mazito: mtu ameshindwa kujizuia, ameacha mambo mengine ya maisha, na kwa kawaida hali hiyo imedumu miezi 12. Mtoto anayependa gemu siyo mgonjwa. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa na PlayStation yake. Inasimuliwa kwamba alijiwekea saa moja kwa wiki. Waseminari wenzetu wanapenda kuisimulia habari hiyo kwa watoto. Ingefaa wakati wa likizo, simu zikiwa mikononi mwetu, tuipime kwetu pia.

Wenye vibanda wengi ni waamini wenzetu, wana kadi za jumuiya na wanatoa zaka. Kwa hiyo pendekezo letu ni dogo. Paroko, katekista na viongozi wa VIWAWA waende wakazungumze nao, bila mgambo na bila vitisho: saa za shule televisheni izimwe, diski za watu wazima ziondoke, na mashine ya dubwi itoke kabisa mahali penye watoto. Tuliowauliza wamekubali mawili ya kwanza bila shida. La dubwi wanabisha, wakisema hiyo ndiyo inayolipa kodi ya chumba na umeme wa hizo gemu zenyewe. Huenda ni kweli. Basi wazazi wanaofurahi kwamba watoto wao wanacheza mpira tu, waambiwe pia ni nani anayelipia huo umeme.