Njia ya Ujiji ianze na wenyeji, si na minara

Kuanzia katikati ya Mei kila mwaka, barabara zinazoingia Kampala hujaa watu wanaokwenda Namugongo kwa miguu. Wamo Waganda kutoka Mbarara na Fort Portal, Wakenya waliovukia Busia, Watanzania waliopitia Mutukula, na Wanyarwanda na Wakongo pia. Baadhi yao huwa wameshatembea wiki mbili au zaidi. Wote wanaiwahi tarehe 3 Juni, wafike mahali ambapo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Picha zinazotoka magazetini ni za hujaji mwenyewe: fimbo mkononi, rozari shingoni, kandambili zilizolika upande mmoja. Watu waliomfikisha hapo hawapigwi picha. Kuna jumuiya ndogo ndogo iliyochangishana unga na maharage, na parokia iliyofungua madarasa ili wageni wapate pa kulala. Kuna dereva anayefuata nyuma na gari la mablanketi na waliozidiwa, na vijana wa Msalaba Mwekundu wanaofunga miguu iliyochubuka. Halafu kuna mdogo mtu aliyebaki nyumbani na mbuzi na watoto, kwa sababu mwezi wa Mei nao una kazi zake shambani.

Habari hizi zinawagusa watu wa Mwandiga, Kigoma na Ujiji, magharibi mwa Tanzania, kuliko wanavyodhani. Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, uliondoka Bagamoyo Juni 1878 ukashika njia ya kati, ile ya misafara ya kutoka pwani hadi Ujiji. Ulipofika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, uligawanyika. Kundi moja lilielekea magharibi na kuingia Ujiji Januari 1879. Jingine lilikwenda kaskazini hadi Ziwa Nyanza (Viktoria), na tarehe 17 Februari mwaka huohuo Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alitua Kigungu karibu na Entebbe. Imani waliyoifia Wakatoliki wa Namugongo ilipitia njia ileile iliyoishia Ujiji.

Njia hiyo yenyewe, ya urefu wa kilomita 1,200 hivi, imo tangu mwaka 2006 katika orodha ya awali ambayo Tanzania iliwasilisha UNESCO, ikitambulishwa kama njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Vituo vyake vinajulikana: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Ni haki ipate heshima hiyo. Lakini kuna hatari kwamba heshima itakuja kwa sura ya zege, yaani bango, ukumbi na mnara mwingine, na njia ikabaki haina mtu anayeitembea.

Ujiji haina njaa ya minara. Upo wa Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871, na mtalii akishapiga picha zake anarudi hotelini kabla ya saa sita. Kinachokosekana pale ni wale waliowabeba watu hao wawili, na waliowalisha waliobeba.

Wapagazi wa njia ya kati, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mzigo wa frasila mbili, karibu kilo 32, bila kuhesabu mkeka na chakula chao. Hawakutembea kama kundi la watu wasiojuana. Ndani ya msafara waligawanyika katika vikundi vya watu waliokula chungu kimoja na kulala pamoja. Wengi walisafiri na wake zao, ambao walibeba vyungu na watoto na kupika kambini. Nje ya msafara walikuwa na utani. Wanahistoria wa njia hii wameonyesha jinsi utani kati ya Wanyamwezi na makabila ya njiani hadi pwani ulivyokua pamoja na misafara. Mgeni alipata wa kumtania, na papo hapo akapata wa kumpa maji. Na mtani ndiye mwenye kazi msibani hata leo, jambo lililokuwa na uzito mkubwa kwa mtu aliyeweza kufia porini, mbali na kwao.

Kipimo cha nguvu ya utaratibu huo ni safari ya mwaka 1873. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, watu wake wapatao sitini waliukausha mwili wake, wakaufunga kwa magome ya mti na turubai, wakatembea nao miezi tisa hivi hadi Bagamoyo. Njiani waliwahi kuuficha kwa hila, kwa kuwa wenyeji wengine hawakutaka maiti ipite kwao. Dunia inayakumbuka majina ya Chuma na Susi, walioongoza msafara huo. Halima, mpishi wa msafara, anatajwa kwa nadra, ingawa msafara wa watu sitini haukosi kula kila jioni. Mazishi yalipofanyika London Aprili 1874, kati ya waliobeba jeneza kanisani alikuwamo mmoja tu wa wale waliotembea, Jacob Wainwright.

Watumwa nao walitembea njia hiyohiyo wakiwa wamefungwa, bila ndugu wa kuwasindikiza wala mtani wa kuwazika. Anayetaka kuitembea leo kama hija ana sababu ya kutosha hapo, awe Mkristo au Mwislamu. Ujiji ni mji wa Kiislamu tangu zama za misafara, na desturi ya kumsindikiza hujaji kwa dua na michango wenyeji wake wanaijua vizuri. Haihitaji kuletwa na mtaalamu.

Hispania inatoa somo moja. Njia ya Santiago, ambayo mwaka 2023 ilipokea mahujaji zaidi ya 440,000, ilikuwa imefifia sana miaka ya 1970. Aliyeiamsha ni paroko wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña, ambaye katika miaka ya 1980 alizunguka na kopo la rangi ya njano akichora mishale kwenye mawe na kuta. Vijiji vikaanza kufungua nyumba za kulaza wageni, nyingine kwa malipo ya hiari. Fedha kubwa zilikuja baadaye.

Kigoma inaweza kuanza kwa udogo huohuo, tena ikiwa na faida ambayo wengi hawaioni. Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, imefuata kwa sehemu kubwa mkondo wa njia ya misafara. Mtu wa Dodoma au Tabora akitaka kumsindikiza mwanawe hatua ya mwisho, hana haja ya kuitembea njia nzima tangu Bagamoyo, siku sitini kwa mwendo wa kilomita 20 kila siku. Apande treni, ashuke Uvinza, penye chumvi iliyowavuta wafanyabiashara tangu kale, kisha familia nzima itembee kilomita mia moja na kitu hadi Ujiji. Hizo ni siku tano au sita.

Wapo watakaosema kwamba mkulima wa Mwandiga anatembea kila siku na hajawahi kuita hilo hija, na kwamba njia ya namna hii itakuwa mchezo wa wageni wenye fedha. Hoja hiyo ina nguvu, na jibu lake limo katika mpangilio. Kama chakula kitapikwa na mama wa kijiji kwa bei iliyokubaliwa, ugali wa muhogo na dagaa, na mizigo ikabebwa na bodaboda wa hapohapo, fedha itabaki njiani. Kama mgeni atafungashiwa chakula mjini na kulala kwenye mahema ya kampuni ya mbali, wenyeji wataambulia vumbi.

Uwezo wa kupokea watu haukosekani. Mwaka 2015 maelfu ya wakimbizi Warundi walimiminika kijiji cha Kagunga, meli ya MV Liemba ikawasafirisha hadi Kigoma, na uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika ukageuka mahali pa kuwapokea. Wengine waliingilia upande wa Manyovu, penye barabara inayoanzia Mwandiga. Wale walikimbia, hawakuhiji, na hakuna anayepaswa kuchanganya mambo hayo mawili. Ila mkoa uliopokea umati ule hauwezi kushindwa kulaza watu ishirini wanaotoka Uvinza.

Hatua ya kwanza iko mikononi mwa halmashauri tatu: Uvinza, Wilaya ya Kigoma na Manispaa ya Kigoma-Ujiji, zikikaa na masheikh, maparoko na wenyeviti wa vijiji. Waandike orodha ya nyumba zilizo tayari kupokea wageni, visima vilipo, vyoo vinavyohitaji kujengwa, na zahanati ya karibu kwa kila kituo. Wachore njia inayokwepa ukingo wa lami, kwa sababu malori ya barabara kuu hayapunguzi mwendo kwa ajili ya mwenye fimbo. Kundi la majaribio liende kiangazi, Julai au Agosti, likiwa na wazee wa Ujiji wa kulipokea. Bajeti ya mnara isubiri mpaka orodha hiyo ikamilike.